Barua Zilizobaki Posta

Watanzania wengi hatujawahi kuletewa barua mlangoni. Anwani yetu ni S.L.P., namba, kisha jina la mji. Barua inafika posta, inaingizwa kwenye kisanduku cha chuma, inamsubiri mwenye ufunguo. Asiye na kisanduku chake alitumia cha shule, cha parokia, cha msikiti au cha ofisini kwa baba wa rafiki yake. Lakini safari zote hizo zilikuwa na mwisho mmoja. Ukishafungua kisanduku, unaitoa barua, unaitia mfukoni, unakwenda nayo nyumbani. Kuanzia hapo posta haina habari nayo tena. Hata jengo la posta likiungua usiku huo, barua yako iko salama chini ya godoro.

Nimeanza na posta kwa sababu nataka kueleza historia fupi ya tatizo ambalo kila msomaji wa insha hii analijua: unafungua kivinjari, unaandika anwani ya huduma yako ya barua pepe, na ukurasa haufunguki. Duara linazunguka tu. Au unatokea weupe mtupu. Au linakuja onyo kwamba muunganisho wako si salama. Kwa kawaida tunamwachia fundi, naye ana orodha yake: angalia mtandao, angalia saa, badili kivinjari, futa vidakuzi. Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na orodha hiyo naisoma kama nyaraka. Kila kipengele kimebaki kutokana na uamuzi wa watu fulani katika mwaka fulani. Na chini ya maamuzi hayo yote upo mmoja mkubwa ambao hatukuulizwa: kwamba barua ibaki posta.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa chumba hichohicho, akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata barua pepe ilikuwa mali ya watu wenye kompyuta: vyuo vikuu, maabara, jeshi, makampuni. Mwaka 1984 ukatangazwa utaratibu wa kuzichukua barua hizo, ukaitwa POP. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya utaratibu wa ofisi ya posta, na jina liliendana na kazi. Seva ilikupokelea barua, kompyuta yako ikaipigia simu, ikazichukua zote, na kwa desturi seva ikafuta nakala zake. Barua zilikwenda nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu: uwe na nyumbani, yaani kompyuta yako mwenyewe.

Sabeer Bhatia na Jack Smith walikuwa na kompyuta, ila ilikuwa ya mwajiri. Walitaka kuandikiana kuhusu mipango yao ya biashara bila barua hizo kupita kwenye mfumo wa ofisi. Jibu lao lilikuwa barua pepe inayosomwa ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta yoyote ile. Waliizindua tarehe 4 Julai 1996, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wakaiita Hotmail kwa sababu ndani ya jina hilo mna herufi za HTML, lugha inayojenga kurasa za wavuti. Mwishoni mwa 1997 Microsoft iliinunua kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 400. Mwaka huohuo Yahoo nayo ikanunua kampuni iliyokuwa na huduma kama hiyo, ikazaliwa Yahoo Mail.

Vijana wawili waliokuwa wanamkwepa bosi California walikuwa wametatua, bila kukusudia, tatizo la mtu wa Dar es Salaam asiye na kompyuta kabisa. Ndiyo maana intaneti kafe zilipoenea mjini miaka ya 2000, hazikuja na POP. Ungeziteremsha wapi barua zako? Kwenye mashine ya mtumba ambayo nusu saa ijayo itakaliwa na mtu mwingine? Kivinjari kilitosha. Ulilipia muda, ukaingia, ukasoma, ukajibu, ukatoka, na sanduku lako likabaki hukohuko. Ukitaka kujua kizazi hicho ni kipi, angalia wasifu wa kazi wa mtu aliyemaliza chuo miaka ile: jina, mwaka, kisha yahoo.com.

Shangazi yangu ni wa kizazi hicho. Alifungua akaunti yake mwaka 2002 katika kafe moja ya katikati ya jiji, kwa ajili ya mtu mmoja tu: mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyekuwa amekwenda kusoma Uholanzi. Waliandikiana mpaka 2010. Baba mdogo alifariki mwaka uliofuata. Shangazi sasa anaishi Morogoro, mawasiliano yake yote yako kwenye simu, na akaunti ile alikuwa akiifungua mara mojamoja kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Mwaka jana aliniomba nimtolee zile barua kwenye karatasi. Kompyuta ilikuwa haijawashwa kwa miezi minane, na ukurasa haukufunguka.

Ilibidi ufunguke palepale. Nenosiri lilikuwa linajulikana na kivinjari cha mashine ile peke yake, kilichokuwa kimelihifadhi miaka mingi iliyopita. Tulipojaribu kuingia kwa njia nyingine, huduma ilitaka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya simu ambayo shangazi aliipoteza zamani, na hata mtandao wenyewe wa laini ile alikuwa ameshauhama. Kabla sijagusa kibodi aliniambia, “Mwanangu, usifute kitu.”

Fundi huanza na njia: mtandao upo? Swali hilo kwetu lina uzito wake. Hadi 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya chini ya bahari, na intaneti yetu ya kwenda nje ilipanda angani. Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo zinakaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo ombi lako na jibu lake vilisafiri masafa hayo mara nne. Karibu nusu sekunde inakwenda hivihivi kabla seva haijafanya lolote, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Julai 2009 ikafika SEACOM, mwaka uliofuata EASSy. Tukazoea haraka, kiasi kwamba tarehe 12 Mei 2024, kebo hizo mbili zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, mtu wa Dar au Nairobi aliona kama umeme umekatika.

Tatizo huweza pia kuwa upande wa pili. Mkesha wa Krismasi wa 1999, watumiaji wengi wa Hotmail walishindwa kuingia. Kumbe Microsoft ilikuwa haijalipia upya jina la passport.com, lililokuwa linatumika kuwatambua watumiaji. Michael Chaney, mtaalamu wa programu wa hukohuko Marekani, alilichunguza, akalilipia mwenyewe siku ya Krismasi, dola 35, na milango ikaanza kufunguka. Tarehe 14 Desemba 2020 huduma za Google zinazodai uingie kwa akaunti zilisimama duniani kote kwa muda usiofika saa moja. Barua zote zilikuwepo. Kilichokwama ni mfumo unaothibitisha kwamba wewe ni wewe. Kwa shangazi, kurasa nyingine kadhaa zilifunguka kwa bando la simu yangu, na huduma yenyewe ilifunguka vizuri kwenye simu. Njia ilikuwa nzima kote kuwili. Tatizo lilikuwa mezani.

Lililotokea kwenye skrini yake ni onyo: muunganisho si salama, cheti si halali. Hapa inabidi kurudi kafe. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikitengeneza kivinjari, ilibuni njia ya kuyafumba mazungumzo kati ya kivinjari na tovuti ili wa katikati asiyasome. Tovuti inaonyesha cheti, kivinjari kinakikagua. Lakini kufumba kulihitaji nguvu ya mashine, kwa hiyo kwa miaka mingi huduma za barua pepe zililinda hatua ya kuingiza nenosiri, kisha zikaacha barua zenyewe zipite wazi. Gmail ilianza kufumba kila kitu kwa watumiaji wote Januari 2010. Mwaka huohuo, Oktoba, kikatolewa kiongezi cha kivinjari kilichoitwa Firesheep, kilichomwezesha mtu yeyote kuchukua akaunti za wenzake waliokuwa kwenye Wi-Fi moja naye, na aibu hiyo ikawasukuma wengine. Yahoo Mail ilifuata Januari 2014. Maana yake ni kwamba katika miaka yote ambayo shangazi na mdogo wake waliandikiana, aliyejua kusikiliza waya wa kafe aliweza kusoma habari za nyumbani kwetu.

Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri dogo la mviringo, la ukubwa wa sarafu, linaloiendesha saa hata umeme ukizimwa. Likifa, mashine husahau leo ni lini. Ya shangazi ilikuwa inaamini ni Januari 2009. Kwa hesabu yake, ilikuwa inaonyeshwa cheti ambacho kitatolewa miaka mingi ijayo, na ilikuwa na haki ya kukikataa. Niliirekebisha saa kwa mkono, onyo likaondoka. Kisha nikanunua betri jipya kwa fundi saa wa sokoni, la aina ileile inayotumika kwenye rimoti za magari, ili mashine isirudi 2009 kila inapozimwa.

Ukurasa ukafunguka, ukasema kivinjari chetu ni cha zamani mno. Sehemu hii ya historia inanichekesha, maana barua pepe ya kwenye kivinjari ndiyo iliyoyaleta. Enzi za kafe, ukurasa ulikuja kama karatasi iliyokwisha kuandikwa: seva iliutengeneza wote, ikautuma, kivinjari kikauonyesha. Ukibonyeza barua nyingine, unaletewa karatasi nyingine. Timu ya Microsoft iliyokuwa ikijenga Outlook Web Access, barua pepe ya maofisi ya kusomwa ndani ya kivinjari, ilichoshwa na kusubiri huko. Ikaunda njia ya ukurasa kuomba vipande vidogo vya data kimyakimya bila kujipakia upya, nayo ikaingia kwenye Internet Explorer 5 mwaka 1999. Gmail ilipotoka tarehe 1 Aprili 2004 ilijengwa juu ya mbinu hiyo. Kuanzia hapo seva haikutumii tena karatasi. Inakutumia maelekezo marefu, na kompyuta yako ndiyo inayoujenga ukurasa. Kivinjari kisichoyaelewa maelekezo kinabaki na weupe au duara.

Kwa miaka mingi Gmail iliacha pia mlango wa uani: mwonekano wa HTML ya kawaida, mwepesi, ambao mwenye mtandao dhaifu au mashine kongwe aliutumia bila taabu. Ulifungwa mwanzoni mwa 2024. Sina shaka kwamba walioufunga walikuwa na sababu zao za kihandisi. Lakini kwa mwenye kompyuta ya mtumba, ukurasa kutofunguka kumebadilika maana. Zamani kulimaanisha subiri. Siku hizi kunaweza kumaanisha kwamba hutarajiwi tena.

Tulikisasisha kivinjari hadi toleo la mwisho ambalo mfumo wa kompyuta ile uliweza kulipokea, bila kukiondoa kwanza, kwa sababu kukiondoa kungeweza kuondoka na manenosiri. Onyo la ukongwe likaisha. Likaja duara.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaposema futa kila kitu, na hapa ndipo tungepoteza kila kitu. Wavuti aliyoipendekeza Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN ni mzee msahaulifu: kila ombi kwake ni la mgeni, hata kama umebisha hodi sekunde moja iliyopita. Kwa kusoma makala hilo halina ubaya. Kwa sanduku la barua halifai. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alileta dawa: tovuti inaacha kijidata kidogo ndani ya kivinjari chako, na kila ukirudi kivinjari kinakionyesha. Ndicho kidakuzi. Aliyekibuni alikuwa na duka la mtandaoni akilini, likumbuke mteja kaweka nini kapuni, lakini bila kidakuzi barua pepe ya kwenye kivinjari ingekudai nenosiri kwa kila barua unayoifungua.

Kwa hiyo ndani ya kivinjari kuna vitu vitatu ambavyo fundi mwenye haraka huviita takataka. Kuna hifadhi ya muda, yaani nakala za picha na maelekezo zilizowekwa ili ukurasa ufunguke haraka. Hizi zikichakaa hugombana na ukurasa mpya. Kuna vidakuzi, vinavyoiambia huduma kwamba mashine hii inafahamika. Na kuna manenosiri yaliyohifadhiwa. Tulifungua dirisha la faragha, ambalo halitumii kumbukumbu za zamani, na ukurasa wa kuingia ukafunguka bila shida. Hilo lilitosha kuonyesha kwamba kinachokwamisha kimo kwenye kumbukumbu zilizohifadhiwa. Tukafuta hifadhi ya muda peke yake, vidakuzi na manenosiri tukaviacha. Shangazi alisimama nyuma yangu akisoma kila neno kwenye skrini kabla hajaniruhusu kubonyeza.

Sanduku lilifunguka. Barua ya kwanza iliyobaki ilikuwa ya 2004. Zilizotangulia alizifuta mwenyewe, kwa sababu enzi hizo nafasi ilipimwa kwa megabaiti chache na sanduku likijaa barua mpya zinarudishwa. Gmail ilipokuja na gigabaiti 1 wakati Hotmail ikitoa megabaiti 2, washindani walilazimika kuongeza nafasi, na watu wakaacha kufuta. Mpaka wa kumbukumbu za familia yetu uliwekwa na ushindani wa makampuni mawili matatu ya Marekani.

Barua zenyewe hazikuwa na siri kubwa. Bei ya mkate Uholanzi. Jicho la bibi, kama limepona. Nani kaolewa, nani kagombana na nani kuhusu shamba. Nyingi zimekatika katikati ya sentensi, na nilidhani ni kasoro ya kuhifadhi mpaka shangazi akanieleza: muda wa kafe ulikuwa unahesabiwa pembeni ya skrini, zikibaki sekunde chache unatuma ulichonacho. Katika mojawapo baba mdogo anamtania kwamba barua zake zote zinaishia na “lakini”. Shangazi alicheka, kisha akakaa kitandani.

Kwa mtu anayesoma historia, mikato hiyo ni ushahidi. Inaonyesha gharama, haraka na foleni ya watu waliokuwa wakisubiri nyuma ya kiti. Ndiyo maana nina wasiwasi. Nyaraka za zamani kabisa za Kiswahili zinazojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Zipo hadi leo kwa kuwa zilifika kwenye hifadhi ya nyaraka huko Goa, ng'ambo ya bahari, zikabaki mikononi mwa wageni. Siwezi basi kudai kwamba barua ikikaa kwa mgeni lazima ipotee. Lakini karatasi ya Goa haikuhitaji saa sahihi, wala kivinjari kipya, wala laini ya simu iliyo hai. Ilihitaji rafu na mtu wa kuiacha hapo. Sanduku la barua pepe linahitaji mwenye nalo aendelee kubisha hodi. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba ya mwaka huo. Kwa Yahoo kipimo ni miezi 12. Marehemu habishi hodi. Wala mzee aliyehamia kwenye simu.

Na hata walinzi wenyewe wanajua thamani ya kutoa barua nje ya wavuti. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, na nakala zote za mtandaoni zikaathirika. Zilirudishwa kutoka kwenye kanda za sumaku zilizokuwa hazijaunganishwa na mtandao.

Sisi tulitumia kitu kingine cha zamani. Tukiwa bado ndani ya akaunti, tulibadilisha namba ya simu ikawa ya shangazi ya sasa, tukaruhusu POP, na programu ya barua kwenye kompyuta yangu ikaziteremsha barua zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mwaka 1984. Huduma kadhaa bado zinauruhusu. Nyingine zina njia ya kupakua kila kitu kwa mkupuo. Ya Google inaitwa Takeout na ipo tangu 2011. Ukurasa ukifunguka leo, kazi hiyo haichukui jioni nzima. Ukisubiri usifunguke, utaanza kutafuta fundi saa.

Barua za baba mdogo sasa zimo kwenye diski mweko mbili, na nakala ya karatasi imo kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la bati la shangazi, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Zimechukua miaka zaidi ya 20 kutoka posta hadi nyumbani.